Walipigana Burma, wakalipwa kwa rangi ya ngozi

KIJANA mwenzangu unayezungusha soksi na mikanda pale Kariakoo, hebu jiulize jambo dogo. Hilo jina Kariakoo limetoka wapi? Si Kizaramo, si Kimanyema, wala si Kiarabu. Ni Kiingereza kilichovunjikia midomoni mwa mababu zetu. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka pale kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wazee wakaita Kariakoo. Nairobi nako wana yao, wanaiita Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo.

Yaani leo tunauziana viatu vya mtumba juu ya kambi ya watu waliobebeshwa mizinga, risasi na mabegi ya unga kichwani kutoka pwani hadi bara, kwa ajili ya ugomvi wa Mjerumani na Mwingereza. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko waliokufa kwa risasi. Mjukuu wa mpagazi anasukuma mkokoteni mahali pale pale alipopangishwa foleni babu yake, na hana habari.

Sasa panda daladala uende mjini, makutano ya Samora na Azikiwe. Lile sanamu la askari lililosimama na bunduki limewekwa mwaka 1927. Vijana wengi kijiweni watakwambia ni shujaa wa Tanganyika aliyempiga mkoloni. Kaka, umepotea. Sanamu lile lilisimamishwa na mkoloni mwenyewe kuwakumbuka Waafrika waliomtumikia katika Vita Kuu ya Kwanza. Limeandikwa kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Lugha tatu, lakini jina la mtu hata moja halipo! Askari wa Kizungu ana kaburi lenye jina, cheo na tarehe. Mweusi amepewa sanamu moja wagawane wote.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya kijiweni. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita ile ya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni London akaomba radhi. Miaka zaidi ya 100 ndipo radhi inafika! Walioombwa radhi wameshakuwa udongo.

Lakini leo sitaki kuzungumza zaidi juu ya wapagazi. Nataka tuwazungumze watoto wao, wale waliokuja kupelekwa vita ya pili, ya Hitler na Wajapani. Hao ndio ambao bado wana wajane, watoto na wajukuu mitaani mwetu, na ndio ambao hesabu yao haijafungwa.

ETI WALIJITOLEA

Ukisoma vitabu vya Waingereza utakuta neno moja tamu sana: askari wa Afrika "walijitolea". Walipenda wenyewe kwenda kumpigania Mfalme George. Hebu tulitazame neno hilo vizuri, maana wakubwa wa kila zama wanalipenda.

Kutoka Tanganyika peke yake waliingia jeshini watu zaidi ya 80,000 katika vita vile. Ni kweli wapo waliojitolea. Kijana wa miaka 19 anayelipa kodi ya kichwa, asiye na kazi, anaambiwa atapewa viatu, nyama, sare, mshahara kila mwezi na heshima mbele ya wasichana. Ungekuwa wewe ungekataa? Wapo waliokuwa watoto wa askari, damu ikawaita. Wapo waliotaka kuona dunia. Hao sawa, tuseme walijitolea.

Ila wapo waliojitolewa na watu wengine. Bwana Shauri anataka idadi, chifu anatoa amri, jumbe anakusanya vijana wasio na mtetezi. Yatima, mkorofi, mdaiwa, mtoto wa mke asiyependwa, hao ndio waliotangulia kwenye lori. Kuanzia mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kumlazimisha mtu kutumika, na maelfu wengine walipelekwa kwa nguvu kwenye mashamba ya mkonge, kwa sababu vita vilitaka kamba. Mtu aliyewekwa kati ya mkonge na bunduki akachagua bunduki, ndiye huyo anayeandikwa kitabuni kuwa alijitolea.

Jeshi lenyewe liliitwa King's African Rifles. Wazee wetu walilikata wakaliita Keya. Kikosi cha sita ndicho kilichokuwa cha Tanganyika, na vita vilipopamba moto vikaongezwa vingine vyenye namba zinazoishia na sita, kama cha 26 na cha 36. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema babu yake alikuwa "terti-siksi", usicheke. Anakutajia kikosi.

SAFARI YA KIFARU

Walianza kwa kuwatoa Wataliano Somalia na Uhabeshi mwaka 1941. Pale mahali panapoitwa Colito, kusini mwa Uhabeshi, Keya walipata ushindi mkubwa mwezi Mei mwaka huo. Waingereza wakafurahi wakaipa kambi ya jeshi ya Dar es Salaam jina la Colito. Ndiyo kambi tunayoiita Lugalo leo. Mwaka 1942 wakapelekwa Madagaska kupigana na Wafaransa waliokuwa upande wa Hitler. Halafu wakapakiwa meli kwenda Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka siku hizi, kujiandaa kwa Wajapani.

Si wote waliofika. Mwezi Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikiwa na watu 1,511. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliitandika kwa kombora. Ilizama katika muda usiozidi dakika tatu. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Sisi tunakumbuka, na ni haki yetu kukumbuka, MV Bukoba ya mwaka 1996. Lakini nani kati yetu aliyefundishwa juu ya Khedive Ismail? Mimi nimemaliza kidato cha nne. Vita Kuu ya Pili tulifundishwa: Hitler, Poland, Pearl Harbor, Hiroshima. Tukakariri, tukafaulu. Wa kwetu hawakuwamo.

Waliofika waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nembo yake kichwa cha kifaru. Katikati ya mwaka 1944, mvua za masika ya Asia zikiwa zinamwagika, walipewa kazi ya kuwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, huko Burma. Bonde hilo lilikuwa na jina baya hata kabla hawajafika: Bonde la Mauti. Matope hadi magotini, malaria, homa ya chawa wa majani, ruba wanaoingia ndani ya viatu. Magari yakikwama, mzigo unarudi kichwani kama enzi za Kariakoo. Chakula kinadondoshwa na ndege, kikikosea kinaangukia kwa adui. Mwezi Desemba 1944 walifika Kalewa kwenye mto Chindwin, na pale jeshi likajengewa daraja la chuma refu kuliko madaraja yote ya namna ile wakati huo. Juu ya daraja lile ndipo majeshi ya Jenerali Slim yalipovuka kwenda kuikomboa Burma.

Jeshi hilo la Slim Waingereza wenyewe waliliita jeshi lililosahauliwa, kwa kuwa magazeti ya London yalikuwa yanaandika habari za Ulaya tu. Basi kama Mzungu analalamika kuwa amesahauliwa, yule mtu wa Songea au Musoma aliyekuwa naye kwenye handaki tuseme amefanywa nini?

MSHAHARA WA RANGI

Hapa ndipo penye kidonda chenyewe.

Katika Keya, mweusi hata awe hodari vipi alifika mwisho wa ngazi. Cheo cha juu alichoweza kupata vitani ni waranti ofisa wa kuongoza platuni. Na hata akikipata, hakuwa na amri juu ya sajenti wa Kizungu aliye chini yake kwa cheo. Chakula tofauti, hema tofauti, hospitali tofauti, nauli ya likizo tofauti. Risasi ya Mjapani tu ndiyo haikubagua.

Vita vilipokwisha 1945 ukafika wakati wa malipo ya kuagwa, kile kiinua mgongo cha vita. Miaka mingi wazee walikuwa wakisema walipunjwa, watu wakawaona wanapiga porojo za uzee. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifukua nyaraka za serikali ya Uingereza yenyewe, zikaonyesha kila kitu kwa maandishi. Malipo yalipangwa kwa rangi. Askari wa Kizungu wa cheo cha chini kabisa aliyekuwa akiishi kwenye makoloni alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mweusi wa cheo hicho hicho alipewa shilingi 3 na nusu.

Piga hesabu mwenyewe, haihitaji kikokotoo. Wote wawili wametumika miaka minne, yaani miezi 48. Mzungu anaondoka na shilingi 480. Mweusi anaondoka na shilingi 168. Shilingi 312 zimebaki kwa mwenye dunia. Zidisha hiyo kwa maelfu ya watu, halafu uniambie nani anamdai mwenzake, Afrika au Uingereza.

Na asitokee wa kutuambia kwamba Uingereza ilikuwa maskini baada ya vita. Kuanzia mwaka 1947 serikali hiyo hiyo ilileta hapa Tanganyika mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wazungu wengi waliotoka jeshini walipewa ajira humo. Karanga zikagoma kuota, matrekta yakafa, na ulipofika mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Pesa za kuzika ardhini Kongwa zilikuwapo. Za kumlipa aliyelala kwenye matope ya Kabaw hazikuwapo.

Mwaka huo huo wa 1951 Wameru walifukuzwa kwenye ardhi yao Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili mashamba wapewe Wazungu. Kenya mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya vita ya kwanza na ya pili, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba kama zawadi. Mweusi aliyepigana naye bega kwa bega alirudi akakuta kipande na kodi vinamsubiri nyumbani.

WALIPOKUTANA WENYEWE KWA WENYEWE

Serikali ya mkoloni ilikuwa na matumaini kwamba wakirudi watavua sare, watachukua jembe na kunyamaza. Iliwafungulia vilabu vyao, Legion, wakae wanywe chai na bia, wapigane vijembe juu ya nani alikimbia na nani hakukimbia. Ikadhani imemaliza kazi.

Haikujua kwamba mtu aliyeona hawezi kuambiwa hakuona. Wale watu waliuona uoga wa Mzungu kwa macho yao. Walisikia jinsi Singapore ilivyoanguka mwezi Februari 1942, bendera ya Uingereza ikateremshwa na watu wafupi wa Asia. Walikaa India wakawaona Wahindi wakidai nchi yao hadharani, na mwaka 1947 wakasikia wameipata. Mkenya Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomshangaa: yeye Mwingereza akifa, amekufa kwa ajili ya nchi yake, je Mwafrika akifa pale nchi yake inapata nini? Itote hakuwa na jibu siku ile. Jibu alilipata baadaye akiwa msituni Mlima Kenya, akijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1954. Mwenzake Bildad Kaggia, aliyekuwa jeshini Mashariki ya Kati na Uingereza, alikuwa miongoni mwa sita walioshitakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta.

Hata muziki uliwafuata. Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kenya, alikuwa katika kikosi cha kuwaburudisha askari huko Burma kabla ya kuja kuwa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa Afrika Mashariki. Dansi tunalojivunia lina harufu ya baruti.

Na hapa kwetu je? Mwandishi Mohamed Said, katika kitabu alichokitoa mwaka 1998 juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, anaeleza kwamba Abdulwahid na mdogo wake Ally walikuwa katika Keya huko Burma. Vita vilipokwisha, wakiwa kambini India mwezi Desemba 1945 wakisubiri meli, vijana wa Tanganyika walikaa wakazungumza: tukirudi, ile African Association ya wazee wetu tuigeuze chama cha siasa. Baba yao, Kleist Sykes, ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama hicho, na yeye mwenyewe alikuwa askari wa Mjerumani katika vita ya kwanza. Baba alimpigania Mjerumani, watoto wakampigania Mwingereza. Walipochoka kuwapigania wageni wakaamua kuipigania nchi.

Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukaenda na reli hadi bara. Mwaka uliofuata katibu wa chama chao cha wafanyakazi alikuwa huyo huyo Abdulwahid, kijana wa miaka 24. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoundwa, kadi namba 1 ilikuwa ya Mwalimu Nyerere. Namba 2 Ally Sykes, namba 3 Abdulwahid Sykes. Wanajeshi wawili wa Burma wanafuatana mara tu baada ya Mwalimu! Sasa jiulize ni mara ngapi umewasikia katika hotuba za sherehe za Uhuru. Historia yetu imeandikwa kama vile nchi ilikombolewa na mtu mmoja mwenye kifimbo. Mwalimu tunamheshimu, na heshima yake haipungui hata chembe tukiwataja wenzake. Anayeogopa kuwataja ndiye mwenye jambo.

UHURU NAO UKAWASAHAU

Tukisema mkoloni peke yake ndiye mkosaji tutakuwa tunadanganyana. Bendera ilibadilika 1961. Kambi ya Colito ikabadilishwa jina baada ya askari kuasi mwezi Januari 1964, wakidai mishahara na maofisa weusi, madai yale yale ya wazee wao wa Burma. Kila kitu kikabadilishwa jina. Wazee wa Keya wakabaki na medali zao kwenye masanduku ya bati.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mizinga inapigwa, viongozi wanaweka mkuki na ngao, na wapiganaji wa zamani wanapangwa mbele wapigwe picha. Kesho yake mzee anarudi nyumbani akatafute nauli ya kwenda hospitali. Wakubwa wetu wana tabia ya kumpenda mzee kwa siku moja. Waulizeni wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, walioshinda mahakamani na kukaa barabarani Dar es Salaam miaka nenda rudi wakidai jasho lao, wengine wakafa wakingoja. Basi serikali isiyolipa wa kwake ingepata wapi uso wa kumdai Mwingereza awalipe wa Keya?

Na Mwingereza akaona mwanya. Mwaka 2018 alitangaza msaada wa pauni karibu milioni 12 ili wapiganaji wa zamani wa nchi za Madola walio fukara, pamoja na wajane, wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili! Wenye njaa hawachagui, na aliyekula tunamwambia shibe njema. Ila tusichanganye mambo. Ukimkopa mtu shilingi 312, halafu baada ya miaka 70 ukamletea sahani ya wali, hujalipa deni. Umetoa sadaka kwa unayemdhulumu.

WATAKAOPINGA

Najua wapo watakaosema: hao wazee walikuwa vibaraka. Keya ndiyo iliyotumika kuwapiga Waafrika, na vikosi vya Keya, vikiwamo vya Tanganyika, vilipelekwa Kenya kupambana na Mau Mau. Hilo ni kweli, na mtu asilifiche. Wapo waliotoka Burma wakaingia msituni, na wapo waliobaki na sare wakawasaka. Lakini kijana aliyekusanywa na jumbe hakuchagua adui wake. Alichaguliwa. Tukitaka kuwahukumu, tuanze na aliyekuwa anashika rejista ya majina na aliyekuwa anapanga mshahara kwa rangi.

Wengine watasema: wamekufa, kwa nini mnafukua makaburi? Deni halifi na mwenye deni. Ujerumani Magharibi, katika miaka ya 1960, iliamua kuwalipa askari wake wazee wa Tanganyika waliokuwa bado hai tangu vita ya kwanza. Inasimuliwa kwamba Mwanza walitokea wengi wasio na hati, mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani watende kama wameshika bunduki. Hakuna aliyekosea. Iwe ni kisa cha kweli au kimetiwa chumvi, malipo yalifanyika. Na mwezi Juni 2013 Uingereza, baada ya kubanwa mahakamani, ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Hawakulipwa kwa sababu Mwingereza alipata huruma. Walilipwa kwa sababu walidai, wakawa na mawakili, wakawa na ushahidi.

Sisi ushahidi tunao. Kinachokosekana ni wa kudai.

KIFANYIKE NINI

Kwanza, serikali yetu iiandikie Uingereza rasmi, kwa barua yenye mhuri, idai tofauti ya malipo yale pamoja na riba. Wazee wasipokuwapo walipwe wajane. Wajane wasipokuwapo, fedha zijenge zahanati na shule katika wilaya walizotolewa vijana wale. Mbunge yeyote, wa chama chochote, anaweza kuuliza swali hilo bungeni. Tunangoja tumsikie.

Pili, majina. Tume ya makaburi imesema inatafuta majina ya waliosahauliwa katika nyaraka. Wataalamu wetu wa historia wasikae kungoja waletewe. Majina yakipatikana yaandikwe mahali watu wanapopita, na mahali pa kwanza ni chini ya lile sanamu.

Tatu, Khedive Ismail na bonde la Kabaw viingie katika vitabu vya sekondari. Haiingii akilini mtoto wa Tandale ajue daraja la London asijue daraja la Kalewa.

Nne, na hili ni letu sisi vijana. Kama nyumbani kwenu kuna medali, kipande cha jeshi, picha ya mtu aliyevaa kofia ya upande, msiuze kwa mtalii. Muulizeni bibi hiyo ni ya nani, andikeni jina, kikosi na mwaka. Karatasi hiyo inaweza kuwa hundi.

Tena tusidhani kwamba biashara ya kujitolea imekwisha. Mwezi Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kwamba Mtanzania mmoja aliyekuwa amefungwa gerezani Urusi aliuawa Ukraine mwaka 2022, akipigana upande wa kundi la Wagner. Aliahidiwa kusamehewa kifungo kama angekubali kwenda vitani. Naye vitabuni ataandikwa kuwa alijitolea! Ahadi ni ile ile iliyotolewa kwa babu: chukua bunduki hii, ukirudi maisha yako yatanyooka. Huko mitaani bado wanapita watu wenye ahadi tamu za kazi ya ulinzi nchi za mbali, mshahara wa dola, pasi watakukatia wao. Kabla hujatia saini kaka, muulize swali alilokosa jibu Waruhiu Itote: nikifa huko, nchi yangu inapata nini? Akianza kukohoa, ondoka.